Mwendo Upimwao kwa Jicho Moja: Kutoka Mabonde ya Embu na Meru hata Bahari ya Hindi

Barabara itokayo Embu kwenda Meru huzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, nayo ni safari ya yapata kilometa 130. Msafiri aendaye kaskazini huwa na mlima mkono wake wa kushoto. Na mkono wa kulia nchi huteremka taratibu mpaka Mbeere na Tharaka, kwenye joto kali, ambako mto Tana hupita. Mito ya upande huu huzaliwa mlimani na kushuka kuufuata Tana: Rupingazi na Ena katika Embu, kisha Thuci, ambao tangu zamani ulikuwa mpaka wa Embu na Meru, kisha Nithi, Mutonga na Kathita. Kila mto umejichimbia bonde lake, na kwa sababu hiyo barabara haina budi kushuka na kupanda, kupinda na kupinda tena, tangu Runyenjes hata Chuka, na tangu Chuka hata Nkubu.

Nchi ya namna hii humpa mtu nafasi ya kuona mbali bila ya kwenda mbali. Mkulima apaliliaye kahawa yake kwenye mgongo mmoja wa kilima huona barabara ikikata mgongo wa pili ng'ambo ya bonde. Basi la abiria linatokea penye miti, linashuka, linapotea nyuma ya migomba, kisha linatokea tena. Kwa mbali huonekana kama kobe atambaaye, hata mtu angeapa kwamba angeweza kulishinda kwa miguu. Lakini likivuka daraja na kupanda upande wake, kobe yule anapita kwa kishindo, na upepo wake unainamisha majani ya kando ya njia. Basi halikuongeza mwendo. Ni jicho lililodanganyika.

Iko njia nyepesi ya kulisahihisha jicho. Mtu asimame mahali pamoja, afumbe jicho moja, aangalie barabara ya ng'ambo kwa kulipitisha jicho la pili penye shina la mti mmoja, mgrevilea au mwingine wowote usimamao wima. Basi likifika, ahesabu kwa saa muda unaopita tangu uso wa basi uguse shina lile hata mwisho wake utoke upande wa pili. Basi kubwa lina urefu wa mita 12 hivi. Likipita penye shina kwa sekunde moja kamili, linakwenda mita 12 kwa sekunde, nayo ni kama kilometa 43 kwa saa. Likipita kwa nusu sekunde, ni kilometa 86 kwa saa, mwendo uliozidi kilometa 80 ambazo sheria ya Kenya huruhusu magari ya abiria. Hesabu hii haitaki chombo cha thamani. Yataka vitu vitatu tu: urefu unaojulikana, alama isiyosogea, na saa.

Hesabu hiyo hiyo, bila kupunguka, ndiyo iliyotumiwa na makapteni wa nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji, katika vita viwili vikubwa vya dunia. Na watu wa Afrika ya Mashariki waliwahi kulipa gharama yake kwa mamia ya roho.

Msafiri akiupita mji mdogo wa Nkubu na kukaribia Meru, huvuka mstari wa Ikweta. Mji wa Meru wenyewe uko kaskazini ya mstari huo kwa kilometa chache tu. Kama mtu angeweza kuondoka hapo na kwenda mashariki bila kupinda, angevuka nchi kavu, angeingia Bahari ya Hindi, na baada ya kilometa zipatazo 3,850 kutoka Meru angefika karibu na visiwa vya Maldivi. Huko, chini kidogo ya digrii moja kaskazini ya Ikweta, ndiko iliko meli iliyoitwa Khedive Ismail, chini ya bahari, tangu tarehe 12 Februari 1944.

Lakini kwanza yafaa kueleza mambo aonayo kapteni wa nyambizi. Yeye yuko chini ya maji pamoja na watu wake, katika chombo kisicho na dirisha. Jicho lake la pekee ni periskopu, nayo ni bomba refu lenye vioo, ambalo huinuliwa mpaka ncha yake itoke juu ya maji. Haithubutu kukaa juu muda mrefu. Ikikaa, ncha ile hukata maji na kuacha mfuo wa povu, na mlinzi aliye juu ya meli akiuona, manowari za ulinzi hugeuka mara moja. Kwa hiyo kapteni huangalia kwa sekunde chache, huishusha periskopu, hufikiri gizani, kisha huiinua tena. Katika sekunde hizo chache yampasa kujua mambo matatu: meli iko mbali kiasi gani, imeelekea wapi, na inakwenda kwa mwendo gani. Katika hayo, mwendo ndio mgumu, maana hauonekani katika kutazama mara moja.

Umbali hupatikana kwa kimo. Ndani ya periskopu mna mistari midogo ya kupimia. Ikiwa mlingoti wa meli una kimo cha mita 30 kutoka majini, na katika kioo unaonekana kujaza pembe ya digrii moja, basi meli iko mbali kwa mita 1,720 hivi. Ni sawa na mtu wa Meru ajuaye urefu wa mkaratusi wa jirani yake: kadiri unavyoonekana mfupi mbele ya macho yake, ndivyo ajuavyo amekwenda mbali nao. Ila hapa pana sharti moja. Kimo lazima kijulikane kwanza. Makapteni walikuwa na vitabu vyenye picha za meli za mataifa yote, vikieleza urefu na kimo cha kila moja. Aliyeidhania meli moja kuwa nyingine alikosea umbali, na aliyekosea umbali alikosea yote yaliyofuata.

Mwendo ulitafutwa kwa njia nne. Njia ya kwanza ni ile ya shina la mti. Katikati ya kioo cha periskopu mna mstari wa wima. Kapteni huiweka nyambizi yake iende polepole bila kugeuka, kisha huhesabu muda tangu omo ya meli iguse mstari hata tezi yake iuache. Meli ya mita 130 ikipita mstari kwa sekunde 20, inakwenda mita sita na nusu kwa sekunde, nazo ni karibu noti 12 na nusu. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili ya baharini ni mita 1,852.

Njia ya pili ni kuangalia mara mbili. Kapteni huandika umbali na upande ilipo meli, hushusha periskopu, hungoja dakika tatu, kisha huangalia tena na kuchora mahali pote pawili juu ya karatasi. Kwa kila noti moja, meli husogea karibu mita 93 katika dakika tatu. Ikiwa imesogea mita 1,100, mwendo wake ni noti 12.

Njia ya tatu ni ya masikio. Rafadha ya meli hupiga maji kama mchi upigavyo kinuni, na baharia mwenye chombo cha kusikilizia huhesabu mapigo kwa dakika. Mapigo yakiongezeka, mwendo umeongezeka.

Njia ya nne ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ni kuyatazama mawimbi ya omo. Meli iendayo mbio hupasua maji na kuinua povu refu pande mbili. Iendayo polepole huinua povu dogo. Hapo kapteni ni sawa na yule mkulima aangaliaye vumbi la gari ng'ambo ya bonde na kusema, "Huyu anakimbia." Huenda akasema kweli, huenda asiseme kweli, maana vumbi hutegemea udongo kama povu litegemeavyo bahari.

Juu ya hayo yote kuna mtego mmoja. Meli ipitayo ubavuni huonyesha urefu wake wote. Lakini meli ijayo kwa mshazari huonekana fupi, na ile ijayo moja kwa moja haionyeshi urefu wowote ila uso wake. Mtu aliyesimama kando ya barabara iliyonyooka anaujua mtego huu bila kufundishwa. Gari lipitalo mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia huliona likienda. Gari limjialo usoni huliona kama limesimama, likiwa kubwa kidogo kidogo, hata linapokuwa kubwa ghafula nafasi ya kukimbia imekwisha.

Sasa na iangaliwe faida ya kupata hesabu sawasawa na hasara ya kuikosa. Topido za wakati ule zilizo nzuri zilikwenda noti 45 au zaidi, yaani mita 23 kwa sekunde. Meli ikiwa mbali kwa mita 1,500, topido hutumia sekunde 65 kufika. Katika sekunde hizo meli yenye mwendo wa noti 12 na nusu imekwisha sogea mita zaidi ya 400. Kwa hiyo kapteni haielekezi topido kwenye meli. Huielekeza mahali palipo na maji matupu, akitumaini kwamba meli na topido zitakutana hapo. Ni kama kijana amtupiaye mwenzake mpira naye yuko mbioni: hautupi alipo, huutupa atakapokuwa.

Ikiwa amekosea mwendo kwa noti mbili tu, topido itafika mahali palipo mita 67 kando ya pale alipopakusudia. Kutoka katikati ya meli ya mita 130 hata mwisho wake ni mita 65. Basi kosa la noti mbili latosha kuipitisha topido nyuma ya tezi, na watu waliomo melini wakaendelea na safari yao. Kwa hesabu ya mstari wa wima, kosa hilo ni la kuhesabu sekunde 24 badala ya 20. Katika sekunde nne zile mna uhai au kifo cha watu elfu.

Wenye meli walijua jambo hilo, nao wakatafuta namna za kuiharibu hesabu ya adui. Meli za msafara ziliamriwa kwenda kombokombo, zikigeuka kulia na kushoto kwa saa zilizopangwa, ili yule aliyechora mstari juu ya karatasi aone umevunjika. Mwaka 1917 Mwingereza mmoja aitwaye Norman Wilkinson, mchoraji wa picha na afisa wa majini, alibuni desturi ya kupaka meli mistari na mabaka ya rangi zilizopishana. Hakukusudia kuificha meli, maana meli haifichiki juu ya bahari. Alikusudia kulichanganya jicho la periskopu, lisijue omo iko wapi wala meli imeelekea wapi. Na meli nyingine zilichorwa povu la uongo kwenye omo, ili meli iendayo polepole idhaniwe kuwa inakwenda mbio.

Khedive Ismail ilijengwa Scotland mwaka 1922, nayo hapo kwanza iliitwa Aconcagua. Jina jipya ililipata mwaka 1935. Urefu wake ulikuwa karibu mita 129. Katika vita ilifanywa meli ya kuchukua askari, na mapema Februari 1944 iliondoka Kilindini, Mombasa, pamoja na meli nyingine nne, kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kupita yote lilikuwa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki, maafisa na askari 996. Walikuwamo pia wanamaji, masista wa hospitali zaidi ya 50, na wanawake wengine wa majeshi. Alikuwamo na mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower, ambaye mwaka 1937 alikuwa amewapeleka duma Uingereza kushindana mbio.

Siku zile maelfu ya vijana kutoka wilaya za Kenya, Embu na Meru zikiwamo, walikuwa wameingia jeshini. Wengi wao hawakuwa wameiona bahari kabla ya siku ya kupanda meli. Mtu aliyelelewa kati ya Thuci na Nithi alijua hatari za mto uliofurika na za ndovu wa msituni. Hatari ya jicho moja litokezalo majini kwa sekunde chache, mwenye jicho hilo akihesabu kwa saa, haikuwa na jina kwao.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, baada ya saa nane mchana, bahari ilikuwa shwari. Watu wengi walikuwa chini ya sitaha, na humo palikuwa na tamasha la muziki. Nyambizi ya Wajapani, I-27, chini ya kapteni Fukumura Toshiaki, ilikuwa imejiweka kando ya njia ya msafara. Hesabu yake ilikuwa sawa. Topido mbili ziliipiga Khedive Ismail, na meli ile ikazama kwa muda usiotimia dakika mbili. Walio chini hawakupata nafasi ya kupanda ngazi. Walikufa watu 1,297. Walionusurika walikuwa wanaume 208 na wanawake sita.

Kilichofuata kinasimuliwa mpaka leo. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, ziligeuka kumtafuta adui, naye alikuwa amejificha chini ya mahali pale pale ambapo walionusurika walikuwa wakielea. Mkubwa wa Petard ilimpasa kuchagua: awaache wale wachache, na nyambizi ikaziwinde meli nne zilizobaki pamoja na askari wake, ama atupe mabomu ya chini ya maji kati ya watu wanaoomba kuokolewa. Alitupa mabomu. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angependa kuwa mahali pake siku ile.

Nyambizi ililazimika kupanda juu, imeharibika, haiwezi tena kuzama. Paladin ilikwenda kuigonga, lakini yenyewe ikapasuliwa ubavu. Ndipo Petard ilipoanza kuipiga kwa topido, moja baada ya moja. Na hapa hesabu ile ya mwendo iliwageukia waliokuwa na haki ya kulipiza. Nyambizi ilikuwa mbele ya macho yao, mchana, imejeruhiwa, ikizunguka polepole. Hata hivyo topido ya kwanza ilikosa. Ya pili ikakosa. Sita zilikosa, na ya saba ndiyo iliyopiga. Kitu kiendacho polepole na kwa kuzunguka ni kigumu kukadiriwa sawa na kile kiendacho mbio, maana jicho likisha kusema "kimesimama" huacha kuhesabu.

Katika makaburi ya vita yaliyoko Nairobi, kando ya njia ya Ngong, umejengwa ukumbusho wa wale wa Afrika ya Mashariki wasio na kaburi linalojulikana, na waliokufa katika Khedive Ismail wanakumbukwa hapo. Mtu wa Embu au Meru aendaye Nairobi kwa shughuli zake anaweza kufika na kusoma majina. Hakuna jina lililoandikwa kubwa kuliko jingine.

Lakini si lazima kwenda Nairobi wala baharini ili kuona hesabu hii ikifanya kazi. Kati ya Chuka na Nkubu barabara huteremka kwenye daraja la mto Nithi, katika nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Meru. Mteremko ni mrefu, na kona iko karibu na daraja. Dereva ateremkaye hapo hutazama mbele, naye huona ng'ambo ya bonde kumetulia, mashamba hayasogei, kilima hakisogei; jicho lake humwambia kwamba na yeye haendi mbio sana. Tarehe 24 Julai 2022, siku ya Jumapili jioni, basi la abiria lililotoka Meru lilitoka barabarani penye daraja hilo, likaanguka bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wala huo haukuwa msiba wa kwanza mahali pale.

Walio kando ya mteremko ule wanaweza kufanya kama alivyofanya kapteni mwenye saa yake, ila kwa kusudi jema. Na wapime kwa hatua mita 100 za barabara, waweke jiwe jeupe mwanzo na jiwe jeupe mwisho. Gari likipita kati ya mawe hayo kwa sekunde sita, linakwenda kilometa 60 kwa saa. Likipita kwa sekunde nne na nusu, ni kilometa 80. Chini ya hapo, ni mbio isiyofaa mahali pa kona na daraja. Mtoto wa shule ajuaye kugawanya anaiweza hesabu hiyo, na mwalimu anaweza kuifanya kuwa somo la asubuhi moja. Atakayeifanya mara kumi, jicho lake litaanza kujifunza. Naye akitaka kuvuka barabara na kuliona gari usoni pake kama limesimama, atakumbuka kwamba halikusimama, atangoja lipite.

Jioni ikiingia, jua huzama mapema nyuma ya Kirinyaga, na taa za magari huanza kuonekana zikishuka ng'ambo ya Nithi, moja moja, polepole kama vimulimuli. Mwenye kuzitazama kutoka shambani na asidanganyike. Achague mti mmoja, ahesabu.